Nembo ya biashara: maswali ninayoulizwa na wateja kabla sijashika kalamu

Nachora nembo za biashara ndogo na za kati hapa Dar es Salaam: wasaga unga, saluni, maduka ya dawa, migahawa, kampuni za kupeleka watalii mbugani. Wateja wengi husema "logo", mimi nimezoea "nembo". Tunazungumzia kitu kimoja. Maswali haya hunifikia karibu kila wiki, ana kwa ana au kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Pale penye uzito nimejibu kwa kirefu.

Nembo nzuri ni ipi hasa?

Ni ile inayokubali mhuri.

Nina maana ya mhuri wenyewe, ule wa mpira unaogongwa kwenye ankara na kwenye hati ya kupokelea mzigo. Hapa kwetu karatasi ya biashara isiyo na mhuri hurudishwa dirishani, kwa hiyo huenda nembo yako ikagongwa mara nyingi kuliko itakavyochapwa kwa rangi. Mhuri wa duara una upana wa kama sentimita 4. Ugonge, kisha utazame kwa karibu: mstari mwembamba umepotea, tumbo la herufi "a" limeziba kwa wino, jicho la "e" vilevile, na kile kivuli ulichowekewa ili herufi zinyanyuke kimegeuka uchafu. Wino ni wa rangi moja, karatasi imekunjwa, na anayegonga ana haraka.

Nembo ikitoka salama hapo, itatoka salama kwenye risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, kwenye fulana, kwenye kifuniko cha chupa na ubavuni mwa bajaji iliyojaa vumbi. Ndiyo maana huanza kuchora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, na sigusi rangi mpaka mteja akubali umbo. Anayetaka tuanze na rangi, humsihi asubiri. Rangi huvutia jicho upesi, na jicho likishavutwa halioni tena kasoro za umbo.

Je, nembo ionyeshe kila ninachouza?

Hapana. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Aliwahi kunijia mama mmoja anayesaga unga wa lishe. Tayari alikuwa na nembo: mama amembeba mtoto mgongoni, chungu kinachofuka, gunzi la mahindi, karanga, soya, jua linachomoza, na chini yake maneno saba ya kusifia afya ya familia. Kwenye kioo cha simu ilipendeza. Kwenye mfuko wa kilo moja, uliochapwa kwa skrini (ule wavu wa kupitishia wino) kwa rangi moja, ilikuwa doa kama la masizi. Nikamwuliza wateja wake wanauitaje unga ule wakifika dukani. Akafikiri kidogo, akasema: "Wanasema, nipe ule wa mfuko wa bluu."

Basi kazi nusu ilikuwa imeshafanywa na wateja wenyewe. Bluu yake hatukuigusa. Picha tukazifuta moja moja mpaka likabaki bakuli la uji, nene, lenye mvuke wa mistari miwili. Aliliangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Na karanga je, mwanangu?" Nikamwambia, "Mama, karanga zipo nyuma ya mfuko kwenye orodha ya mchanganyiko. Huku mbele tunataka mteja akuone tu." Leo anauza kwa wauza duka wanaomwagizia "ule wa bakuli".

Tazama pia saruji. Hakuna aliyeweka mwiko wala tofali. Kuna Twiga, kuna Simba, kuna Tembo. Fundi akiwa juu ya jukwaa humpigia simu mwenye duka, "Niletee mifuko 20 ya Twiga," na hata kibarua asiyejua kusoma anajua mfuko upi abebe. Twiga na saruji havina undugu wowote. Ila ana shingo usiyoweza kuichanganya na ya mnyama mwingine, na jina lake kila mtu analijua toka utotoni. Shell nao wanauza mafuta kwa umbo la kombe la baharini tangu 1904, na hakuna dereva aliyewahi kuingia kituoni akidhani wanauza makombe.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye biashara mpya ni huu: kama jina lako linachoreka, chora jina, bidhaa iache.

Kaulimbiu iwemo ndani ya nembo?

Fuata kanga. Kanga ina pindo, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini. Mwanamke akipita upande wa pili wa barabara unaona mji. Akikaribia ndipo unasoma jina. Hakuna mchoraji wa kanga anayetawanya maneno juu ya mji. Kaulimbiu yako nayo ikae peke yake, itumike kwenye bango na kwenye kadi, na iachwe kabisa kwenye mhuri na kwenye picha ya WhatsApp.

Herufi za mwanzo za jina langu zinatosha?

NMB na CRDB wameweza, lakini wana matawi mikoani kote na wametangaza kwa miaka mingi. Duka la kwanza linaloitwa JMK halimwambii mpita njia chochote. Kama jina lako ni fupi na tamu kutamka, liandike lote vizuri. Neno lililoandikwa kwa mkono wa pekee ni nembo tosha, halihitaji picha pembeni.

Jina langu nililosajili Brela, kwa wakala wa usajili wa biashara, ni refu sana: jina la ukoo, "na Wanawe", "General Supplies", "Enterprises".

Jina lote liende kwenye ankara, mkataba na leseni. Kwenye nembo weka lile ambalo watu wanakuita.

Nichague rangi gani?

Hapa kwetu rangi zina wenyewe, na mbunifu wa mbali hawezi kukwambia. Nyekundu na nyeupe zikikaa pamoja, mtu anaona Simba, klabu ya mpira. Kijani na njano ni Yanga, na pia ni CCM. Si marufuku kuzitumia, lakini mwenye saluni au genge hataki mteja asimame mlangoni akijiuliza yuko upande gani. Niliwahi kuandaa bango la mgahawa kwa kijani na njano kwa sababu mwenye mgahawa alipenda ndizi. Tulibadilisha njano kuwa rangi ya machungwa kabla ya kuchapa, baada ya wapishi wake watatu kuuliza swali lilelile.

Zile chati za mtandaoni zinazosema bluu ni uaminifu na nyekundu ni hamasa, mimi sizifuati. M-Pesa ya Kenya ni ya kijani kwa sababu ya Safaricom, ya Tanzania ni nyekundu kwa sababu ya Vodacom, na watu wa pande zote mbili wanatuma pesa bila wasiwasi. Badala ya chati, tembea mtaa wako. Simama unapotaka kuweka kibao na uhesabu majirani wanaofanya biashara kama yako. Wote wakiwa bluu, wewe usiwe bluu.

Halafu yapo mambo ya mfukoni. Kuchapa kwa skrini kila rangi inahitaji skrini yake, kwa hiyo nembo ya rangi tano kwenye fulana 30 itakuumiza. Rangi mbili zinatosha. Ya tatu niombe kwa sababu maalumu. Na jua letu halina huruma: pita barabara yoyote utazame mabango ya zamani, utaona nyekundu na njano zimekimbia, imebaki bluu iliyofifia na weusi. Anayetegemea wekundu kutambulika ajipange kuchapa bango upya mapema.

Ukitaka kujua kama rangi zako zinaachana vya kutosha, piga picha ya nembo kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Herufi zikizama ndani ya rangi ya nyuma, zitazama pia machoni mwa mtu aliye kwenye daladala jioni.

Mwandiko je? Mimi napenda ule wa kuungana wenye mikia.

Wenye saluni na washona nguo wengi wanaupenda, na kwenye kadi ya harusi unapendeza kweli. Juani, kwenye kibao cha mtaani, mikia hugombana. Vibao vina kanuni yake ya siku nyingi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha kama sentimita 2.5 ili isomeke bila kukodoa macho. Unataka asome aliye mita 30, upande wa pili wa barabara? Herufi ziwe na sentimita 25. Sasa pima kibao chako, uone kama jina lako lenye mikia litaenea.

Kuna mambo madogo mawili ambayo mbunifu mgeni huyakosa. Jina lenye ng', kama Ng'ambo au Mang'ola: hakikisha alama ile ya juu imechorwa vizuri na haijaelea mbali, maana fonti nyingine huifanya ionekane kama koma iliyopotea. Na herufi "r" na "n" zikibanana husomeka "m". Msomeshe jina mtu asiyelijua, usimsaidie.

Naweza kutumia bendera, Ngao ya Taifa, ramani ya Afrika au msalaba mwekundu?

Bendera na Ngao zinalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa. Kuzitumia kibiashara kunahitaji kibali. Ziache.

Msalaba mwekundu kwenye weupe si wa maduka ya dawa wala zahanati, ingawa unauona kila mahali. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva, pamoja na hilali nyekundu, ili mwenye silaha vitani ajue huyu ni mtabibu asimpige. Kila inapobandikwa kwenye duka la panadol inapungukiwa uzito huo, na hili naliona ni jambo la maisha ya watu. Kwa maduka ya dawa mimi huchora kinu na mchi: ni alama ya wafamasia tangu zamani, na kila nyumba yetu inakijua kinu.

Ramani ya Afrika haikatazwi, imechoka tu. Simama pale Mnara wa Saa, Arusha, uangalie milango ya magari ya watalii yanayopita: mgunga, jua la machweo, mlima, twiga, ramani. Mtalii akishuka hakumbuki alipanda gari la nani. Kampuni moja niliyoichorea ilikubali kutumia alama ya kwato tu, nyeusi, peke yake mlangoni, na madereva wake wanasema wageni uwanja wa ndege wanawapata bila kuuliza.

Mbona kwenye WhatsApp nembo yangu inakatwa?

Kwa sababu picha ya wasifu ni duara na nembo yako ni ndefu. Mwambie mbunifu akutengenezee toleo la pili, alama bila jina, lililokaa katikati na lenye nafasi pembeni. Jina lako tayari limeandikwa kando ya picha.

Nipewe mafaili gani kazi ikiisha?

Hili nalisisitiza kwa sababu nilishawahi kumwumiza mteja. Mwaka wangu wa kwanza nilimkabidhi kazi kama picha ya JPG, tukaagana. Miezi michache baadaye akaagiza bango la mita 6. Nilipoitwa kuliona, kingo za herufi zilikuwa ngazi ngazi kama ukuta wa tofali usiopigwa plasta. Nililipa gharama ya kuchapa upya, na tangu siku hiyo simalizi kazi bila faili la vekta.

Tofauti yake ni hivi. Picha ya kawaida ni kama mkeka wa shanga: kila pikseli ni ushanga mmoja, ukiukuza mkeka unaona shanga. Vekta ni maelekezo ya mistari, "toka hapa, pinda hivi, ishia pale", kwa hiyo mashine huichora upya kwa ukubwa wowote, iwe kalamu au ghorofa. Mafundi wa kuchapa, wa kukata stika kwa plota na wa kudarizi wote watakuomba hiyo.

Dai haya: faili la asili (la Illustrator, CorelDRAW au Inkscape), SVG, PDF ambayo herufi zake zimeshageuzwa kuwa mchoro ili zisibadilike kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, na PNG isiyo na rangi ya nyuma. Toleo la rangi, jeusi tupu, na jeupe la kuweka juu ya rangi nzito. Namba za rangi za kuchapia na za kioo, zimeandikwa. Na ukimtumia fundi kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha inabanwa na inapoteza ubora. Kopi nyingine iweke kwenye barua pepe yako, maana simu huibiwa.

Nikijitengenezea mwenyewe kwa Canva, au kwa akili mnemba?

Kama una mtaji wa meza moja na beseni la maandazi, jitengenezee, anza kazi. Simwambii mtu asubiri fedha ya nembo ndipo auze. Ila ujue mipaka. Kiolezo cha Canva unachokipenda kiko wazi kwa kila mtu, na picha za maktaba yao huwezi kuzisajili ziwe zako peke yako. Akili mnemba hukupa mawazo mengi kwa dakika, lakini mara nyingi inatoa picha badala ya vekta, yenye vivuli na vinyweleo visivyokubali mhuri, na tahajia ya Kiswahili huikosea. Chukua wazo, kisha lichore upya kwa mistari safi. Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Kwa nini mbunifu mmoja ananiambia elfu thelathini na mwingine laki tano?

Muulize kila mmoja atakaa na biashara yako muda gani kabla ya kuchora, utarekebishiwa mara ngapi, na mafaili gani utapewa. Hapo ndipo pesa ilipo. Aliyekwambia elfu thelathini huenda atabadilisha jina kwenye nembo aliyonayo tayari. Si dhambi akikwambia ukweli.

Kuna wanaonikumbusha kwamba alama ya Nike ililipiwa dola 35. Ni kweli: mwanafunzi wa ubunifu Carolyn Davidson aliichora mwaka 1971 huko Portland, Marekani. Lakini mwaka 1983 kampuni ilimwita ikampa hisa zake na pete, kwa sababu walishaona kilichotoka mkononi mwake. Na ile alama ilijazwa maana na miaka ya viatu na wakimbiaji. Siku ya kwanza ilikuwa mkunjo tu.

Nikisajili jina la biashara Brela, nembo nayo inalindwa?

Hapana, na wengi huligundua wakati mtu ameshaiga. Jina la biashara ni usajili mmoja, alama ya biashara ni mwingine, ingawa kwa Tanzania Bara vyote hufanyika Brela. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma. Yapo 45 kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi wako unaishia kwenye madaraja uliyolipia. Maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukifanikiwa, Bara unalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina msajili wake, kwa hiyo mwenye maduka Darajani na Kariakoo asajili pande zote mbili. Kenya msajili ni KIPI, na ulinzi ni miaka 10 toka mwanzo.

Neno linaloeleza bidhaa tu, kama "Unga Safi", kwa kawaida halikubaliki kuwa la mtu mmoja. Hapo ndipo bakuli la yule mama linapomlinda kuliko jina. Na mwandikiane na mbunifu, hata ukurasa mmoja, kwamba haki zote za nembo zimehamia kwako. Mkitegemea maneno ya mdomo mtakuja kukorofishana siku biashara itakapokua.

Nembo yangu ni ya zamani. Niibadilishe?

Kwanza waulize wateja kama wanaichukia au wewe ndiye umeichoka. Kampuni kubwa zina fedha ya kuwafundisha watu upya: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na kila mara vibanda, miavuli na kuta za nchi nzima zilipakwa upya. Wewe utapaka kwa fedha gani? Mara nyingi mimi husafisha tu: naondoa kivuli, nanenepesha mistari, naiacha rangi iliyozoeleka kama ilivyo.

Nimwonyeshe nani kabla sijakubali?

Usiwaulize ndugu kama ni nzuri; watakujibu kwa upendo. Mwonyeshe mtu wa bodaboda asiyekujua kwa sekunde tano, ifiche, umpe kalamu aichore. Akichora kitu kinachofanana, hata kwa mkono mbaya, umepata.

Mchoraji wangu wa ukutani anasema hawezi kuichora kama ilivyo kwenye simu. Nifanyeje?

Msikilize kwanza. Hawa mafundi wa brashi wamepaka vibao kabla yetu wote, na akikuonyesha mahali panapomshinda, mara nyingi hapo ndipo pana mstari usiohitajika. Kisha msaidie. Chapa nembo kwenye karatasi ya A4, ipigie mistari ya miraba ya sentimita 2, halafu ukutani pigeni miraba ileile ya sentimita 20 kwa uzi uliopakwa chaki. Atachora mraba kwa mraba, na vipimo havitahama. Rangi usimwonyeshe kwenye kioo cha simu, maana kila kioo kina rangi yake. Nendeni wote dukani, mchanganyiwe kopo moja, mpake kipande cha ubao, mkiache kikauke juani hadi mchana, ndipo mkubaliane.